Landrova ya Mama Beatus

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Karibuni tukae. Anayepika apunguze moto, anayepiga pasi aiweke pembeni isije ikaunguza shati la watu, maana leo nina habari za mama mmoja ambaye nampenda sana. Nasema nampenda. Najua amefariki, lakini ulimi wangu umekataa kusema nilimpenda, na mimi siulazimishi.

Jina lake Bi Wilhelmina. Ifakara nzima walimwita Mama Beatus. Amefariki mwezi uliopita, mwaka huu wa 1999, nyumbani kwake Ifakara, kwa ugonjwa wa moyo. Alizaliwa milimani, upande wa Mahenge, akaolewa huku bondeni, akalima mpunga mpaka miguu ilipomkatalia. Nilikwenda huko na kinasa sauti changu. Nikauliza watu wa Mofu, nikauliza watu wa Mchombe: huyu mama mnamkumbuka kwa lipi? Wanacheka kwanza. Halafu wanasema, "Si yule mama wa jeki?"

Naam, wasikilizaji. Mama wa jeki. Jeki hii hii ya kunyanyulia gari. Mama ambaye hakuwahi kushika usukani hata siku moja, lakini gari la nyumbani kwake halikupigwa jeki bila yeye kuwepo. Asipokuwepo, linasubiri. Na leo nitawaambia kwa nini.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova. Siyo hizi za siku hizi zenye viti vya kitambaa. Landrova ya zamani, ya miaka ya sitini, ya kijani, pua pana, vioo vya kusukuma kwa mkono. Mume wake, marehemu Raimundi, aliinunua mwaka 1990 kwa mfanyabiashara mmoja wa Mahenge aliyekuwa anahama. Kabla ya hapo Raimundi alikuwa dereva wa lori la kubeba mpunga, lori la watu. Sasa akawa na gari lake mwenyewe. Na mnajua mwanamume anavyokuwa akipata gari lake mwenyewe! Mama Beatus aliwahi kuwaambia wenzake wa jumuiya, "Baba Beatus analiosha lile gari kuliko anavyoosha miguu yake. Gari linalala safi, kitandani kwangu anakuja na tope." Wenzake wakacheka mpaka mmoja akadondosha rozari.

Walilifurahia mwaka mmoja tu.

Ilikuwa masika ya mwaka 1991. Springi ya nyuma ilikuwa inapiga kelele. Raimundi akasema fundi wa nini, bushi ya springi iliyolika atabadilisha mwenyewe, hapo hapo uani. Akavuta handbreki. Akaweka jeki juu ya udongo, na udongo wa Ifakara wakati wa masika mnaujua, juu unang'aa umekauka, chini bado ni uji. Akanyanyua upande mmoja wa nyuma, akatoa tairi. Sasa, Raimundi hakuwa mtu mzembe. Hakutaka jeki ibebe gari peke yake. Akamwita mke wake. "Mama Beatus, hebu niazime kinu chako."

Nyie watu wa bondeni tabia hii mnaijua, msijifanye hamnisikii. Kila nyumba ina kinu cha kutwangia mpunga. Ukikipindua kinasimama vizuri, kitako juu, na kimo chake ukikitazama utadhani aliyekichonga alipima chini ya gari kwanza. Kinaonekana kigumu. Lakini kinu kina shimo ndani. Kimetwangiwa miaka, kimeloa, kimekauka, kimeloa tena. Kina nyufa ambazo mama mwenye nyumba anazijua, dereva hazioni. Mama Beatus alimpa mume wake kinu. Alimpa kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akachukua ndoo, akaenda bombani kuteka maji.

Akiwa huko bombani, gari lilisogea. Lilisogea kidogo tu. Jeki ikalala. Uzito wote ukaja juu ya kinu, na kinu kikapasuka katikati. Raimundi alikuwa chini.

Mtoto wao wa pekee, Beatus, alikuwa shuleni. Alirudi na mabegi yake akakuta uani kumejaa watu, na wanawake wa jumuiya wamemshika mama yake huku na huku. Poleni, wasikilizaji. Najua wapo kati yenu waliowahi kurudi nyumbani hivyo.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa kikao. Ndiyo desturi. Ndugu wa marehemu wanakaa, wanazungumza habari za mjane, za mtoto, za vitu alivyoacha. Aliyesimama kuzungumzia gari ni Kelestini, mdogo wake Raimundi. Kelestini ni fundi wa magari, ana gereji yake jirani na stesheni ya reli. Yupo, mzima wa afya, na tulikaa naye nje ya gereji yake tukazungumza sana. Huyu hapa ni Kelestini, nayasema maneno yake kama alivyoyasema.

"Nilisema gari lenye damu ya kaka yangu halikai uani. Liuzwe. Auziwe mtu wa mbali, wa Mlimba, wa Malinyi, popote, sisi tusilione tena. Wazee wote wakaitikia. Nikadhani yamekwisha. Mara shemeji akanyoosha mkono."

Hebu muoneni, wasikilizaji. Mjane mbichi, kitambaa kichwani, amekaa chini kwenye mkeka, ananyoosha mkono kwenye kikao cha wanaume. Akasema, "Shemeji, wewe ni fundi. Kabla hujaliuza, nieleze. Lilisogeaje? Handbreki baba Beatus aliivuta. Nilimwona akiivuta. Sasa lilisogeaje?"

Kelestini akamjibu kwamba hiyo ni mipango ya Mungu.

"Ya Mungu nitamuuliza padri. Wewe nakuuliza ya gari."

Mzee mmoja alikohoa, akakohoa tena, maana kucheka msibani ni aibu. Kesho yake asubuhi Kelestini akaja na spana zake, akaingia chini ya lile gari kulitafuta jibu.

Alilipata. Sikilizeni vizuri hapa. Lori alilolizoea Raimundi, ukivuta handbreki, inakamata matairi ya nyuma. Magari mengi ni hivyo. Landrova hizi za zamani siyo hivyo. Handbreki yake haishiki tairi. Inashika propela, ule mtaimbo mrefu unaozunguka chini ya gari kupeleka nguvu nyuma. Kwa hiyo ukinyanyua tairi moja la nyuma likawa hewani, lile la hewani linazunguka bure, na lile lingine lililo chini linapata nafasi ya kubingirika. Handbreki umeivuta mpaka mwisho, na gari linaondoka. Narudia, kwa ajili ya wewe uliyechelewa kuwasha redio: Landrova ya zamani, tairi moja la nyuma likiwa hewani, handbreki haina kazi.

Raimundi hakulijua hilo. Nani angemwambia?

Mama Beatus alisikiliza mpaka mwisho. Akamwomba Kelestini amweleze tena. Akaelezwa tena. Kisha akasema, "Gari haliuzwi. Lakini kuanzia leo, hapa nyumbani haingii mtu chini yake mimi nikiwa sipo." Ndugu walidhani ni uchungu, wakasema mwacheni, utapoa. Kelestini alidhani anamtunzia Beatus. Na kweli Beatus ndiye aliyekuwa akimwogopea kuliko vitu vyote. Mtoto wa kiume, mmoja tu, na anapenda magari kama baba yake. Ungemzuia vipi? Angemzuia, angejifunza kwa watu, uani kwa watu, kwenye vinu vya watu. Mama Beatus aliliona hilo mapema. Akaamua kwamba kama mwanawe ni wa kulala chini ya gari, atalala chini ya lile gari, mbele ya macho yake.

Basi akamlazimisha shemeji yake amfundishe. Kelestini alikuwa hajawahi kumfundisha mwanamke gari, akaona haya, lakini shemeji haachi. Wiki nzima anakwenda gereji. Anauliza, anarudi, kesho yake anauliza tena. Akapata utaratibu wake, na utaratibu huo haukubadilika hata mara moja.

Gari linatafutiwa mahali pagumu, patambarare. Kama uani ni tope, watu wanalisukuma mpaka barabarani. Gia inaingizwa. Matairi yanayobaki chini yanawekewa kabari za mti mgumu, mbele na nyuma, hata kama ardhi imenyooka kama meza. Nati za tairi zinalegezwa kabla ya kunyanyua, tairi likiwa bado limekanyaga, maana ukizivuta likiwa juu unalitikisa gari zima. Jeki haiwekwi kwenye udongo. Inawekewa ubao mnene, mpana wa kutosha, ili isizame. Na jeki yenyewe inakaa kwenye ekseli, chuma kwa chuma. Ukiigusisha kwenye bodi, Mama Beatus anakuuliza kama umekuja kunyanyua gari au kulitoboa. Halafu magogo. Alikatisha magogo mafupi, mti mzima usio na shimo wala ufa, yakawa yanapangwa mawili mawili kwa kupishana mpaka yanagusa chesisi, ule uti wa mgongo wa gari. Hata lile tairi lililotolewa nalo linalazwa chini ya gari, likae hapo. Kinu? Hakuweka kinu kingine nyumbani kwake mpaka anakufa. Mpunga alipeleka mashineni.

Na yote yakishakamilika, anakuja yeye. Mama mfupi, mnamkumbuka, mfupi kweli. Analisukuma gari kwa bega. Anakwenda upande wa pili, anasukuma tena. Likitikisika, kila kitu kinaanza upya na usilalamike.

Lakini lililowachekesha watu ni la mwisho. Aliye chini ya gari haruhusiwi kunyamaza. Aongee. Aimbe. Asali. Aseme lolote, ila sauti itoke. Mama anakaa pembeni kwenye kigoda, mikono magotini, anasikiliza. Ukinyamaza, anakuita. Ukichelewa kuitika, anapiga yowe la kuita majirani, na majirani wanakuja mbio, na wewe unatoka chini ya gari na spana mkononi unaona aibu.

Beatus alipomaliza kidato cha nne akajifunza udereva kwa baba yake mdogo Kelestini, akaanza kuiendesha ile Landrova. Kubeba mpunga wa watu kutoka Mofu, kubeba abiria wa Mchombe. Na nani amekaa kiti cha mbele? Mama. Kila safari. Magogo yake nyuma, kabari zake miguuni. Vijana wa Mchombe walikuwa wakiliona gari wanapaza sauti, "Shikamoo konda!" Anawaitikia, "Marahaba, wanangu," wala hakasiriki.

Beatus sasa ni kijana wa miaka ishirini na mitano. Ameniambia hivi:

"Nyimbo zote za kwaya niliimba zikaisha. Nikawa natangaza mpira, Simba na Yanga, mpaka matokeo natunga mwenyewe. Yanga akifungwa mara nyingi mama ananiambia hebu kuwa na huruma. Mpira ukinichosha nasali rozari. Na huko nako hakuna kupumzika. Siku moja nipo chini namwaga oili, nasali matendo ya uchungu, nikapitiwa. Mama kutoka kwenye kigoda anasema, 'Beatus, umeruka taji la miiba. Rudi.' Nikarudi. Oili inanidondokea shingoni, narudi kwenye taji la miiba."

Alicheka sana aliponisimulia hilo. Kisha akaacha kucheka, akaniambia sasa nikupe ya mwaka jana.

Mwaka jana, 1998, mvua zile hamjazisahau. Barabara ya kutoka Mchombe ilikuwa haitamaniki. Beatus anarudi Ifakara na abiria, mama kiti cha mbele kama kawaida. Jani la springi ya nyuma likakatika. Ilibidi gari linyanyuliwe, mtu aingie chini alifunge kwa waya. Wakalisukuma mpaka karibu na kalavati, mahali penye changarawe. Kabari, ubao, jeki, magogo. Mama akasukuma kwa bega. Beatus akaingia chini, akaanza kuimba.

Sasa kati ya abiria alikuwepo binti mmoja wa Mchombe anaitwa Digna. Beatus alikuwa amemwona safari kama tatu hivi, na kila safari anatafuta neno la kumwambia halipati. Abiria wakaanza kucheka. "Dereva wetu anaimba kwaya chini ya gari!" Na Digna naye akacheka. Kicheko cha Digna Beatus alikitambua kati ya vicheko vyote. Akafunga mdomo.

"Beatus!"

Kimya.

"Beatus, mwanangu!"

Kimya. Maneno ya Beatus mwenyewe ni haya:

"Nilimsikia. Siwezi kudanganya, nilimsikia vizuri kabisa. Nikasema leo basi, aite mpaka achoke. Mimi ni mwanamume mzima. Nilikuwa najua atapiga yowe, atanigombeza. Hakupiga yowe. Hakusema kitu tena. Nikaona khanga inashuka chini. Mama yangu alilala kifudifudi kwenye tope, akaingia, kichwa kwanza. Akashika mguu wangu. Akashika goti. Akaja hivyo hivyo anapapasa, anapapasa, mpaka akafika usoni. Akaniwekea mkono shavuni. Mkono ulikuwa wa baridi, jamani. Nikamwambia, 'Mama, nipo.' Ananitazama, lakini hanioni. Nikasema tena, 'Mama, nipo. Nipo, mama.'"

Hapo Beatus alijifuta uso, nikazima kinasa sauti. Alipotulia akaniambia niwashe.

Huko huko chini ya gari, kwenye tope, Mama Beatus alimwambia mwanawe jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Alimwambia habari za siku ile. Kwamba alirudi kutoka bombani, akatua ndoo, akachemsha chai. Akaipeleka uani. Gari lenyewe hakulitazama, aliona tu miguu ya mume wake imetokeza nje. Akasema, "Baba Beatus, chai hii." Hakujibiwa. Akajisemea, leo amegombana na springi yake, nisimsumbue. Akaweka kikombe chini, karibu na miguu yake. Akaenda zake kuchambua mboga. Alikuja kurudi baadaye, kuchukua kikombe.

"Hapo ndipo alipoishia," Beatus anasema. "Mimi miaka yote ile naimba chini ya gari nikidhani mama yangu ana woga tu. Nilidhani ana woga."

Nilimuuliza, mama alikugombeza? Akasema hapana. Alipoona machozi yamemtoka mwanawe, alimfuta kwa khanga iliyojaa tope, akamchafua zaidi, akamwambia, "Maliza kazi, mwanangu, watu wanasubiri." Lakini yeye hakutoka. Alibaki amelala pale pembeni yake mpaka waya wa mwisho ukafungwa. Na Beatus akawa anaongea. Aliongea chochote kilichomjia kichwani, na kilichomjia kichwani ni Digna. Akamwambia mama yake kuna binti anaitwa Digna, mzuri, mcheshi, anamtaka, ila hajui aanzie wapi. Amesahau kabisa kwamba Digna mwenyewe amesimama nje, hatua chache, na masikio anayo.

Digna sasa ni mke wake. Nilimkuta anakaanga samaki, akaniambia, "Mimi niliposwa na sauti ya chini ya gari. Nikasema huyu anayempa mama yake habari zangu akiwa kwenye tope, hatanisumbua."

Walifunga ndoa mwishoni mwa mwaka huo. Beatus akapata kazi ya ufundi huko kwenye mashamba ya miwa, wakahamia huko yeye na mkewe. Mama Beatus akabaki Ifakara na Landrova yake. Miguu ikaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi. Moyo. Ndugu wakasema sasa liuzwe, dereva hayupo, mgonjwa anahitaji matunzo. Mama mwenyewe safari hii akasema sawa, leteni wanunuzi.

Wanunuzi wakaja. Na kila aliyekuja aliulizwa swali moja: "Una mke?" Akisema anaye, anaambiwa, "Nenda kamlete." Akisema hana, anaambiwa amlete mama yake, au dada yake, mtu yeyote anayeishi naye nyumba moja. Wengi waliondoka wanatikisa vichwa. Wengine walisema yule mama gari limempanda kichwani. Kelestini alikasirika kabisa, akamwambia, "Shemeji, unafukuza watu!"

Ndipo akaja Masalu. Masalu ni Msukuma, mfugaji na mkulima, amehamia upande wa Mngeta na ng'ombe wake. Naye akaulizwa.

"Mayu," akamwambia, kwa lugha ya kwao maana yake ni mama, "mimi nimekuja kununua gari au kuposa?"

"Kamlete mkeo, tutajua."

Akaenda, akarudi naye. Mke wake anaitwa Jane. Siku hiyo Kelestini alikuwepo, na ndiye aliyeshika jeki, maana Mama Beatus alikuwa hawezi tena kuinuka kwenye mkeka wake pale uani. Alielekeza kwa kidole. Kabari pale. Ubao pale. Magogo yapishane. Akamwambia Jane asukume gari kwa bega. Jane akasukuma kwa aibu. "Sukuma kama unamtoa mtu kitandani asubuhi!" Jane akasukuma.

Masalu akaingia chini. Kimya.

"Mwite," akasema Mama Beatus.

"Baba!" Jane akaita.

"Nipo! Sasa mnataka niseme nini?"

"Taja ng'ombe wako," Mama Beatus akamwambia.

Masalu akaanza kutaja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina, rangi na pembe. Akafika katikati, Jane akadakia, "Huyo wa madoa umemnunua lini?" Kelestini anasema Masalu alichelewa kujibu swali hilo, lakini alijibu.

Walipomaliza kucheka, Jane akamsogelea yule mama pale mkekani. Akamuuliza kwa upole, mama, kwa nini ulinitaka mimi nije? Gari ni la mume wangu.

Mama Beatus akamjibu, "Mwanangu, nikimuuzia mwanamume peke yake, nimemuuzia ujane mwanamke nisiyemjua."

Kelestini alikuwa anafungua jeki. Ameniambia, "Niliiacha jeki, nikaenda pembeni nikashika ukuta. Mimi nilitaka tuliuze mbali ili tusilione. Miaka minane nagombana na shemeji yangu, na mke wa huyo mtu wa mbali sikumfikiria hata siku moja. Yeye alikuwa anamfikiria tangu siku ya kikao."

Landrova ikaondoka kwenda Mngeta siku hiyo hiyo, pamoja na magogo yake, ubao wake na kabari zake. Wiki chache baadaye Mama Beatus akafariki. Beatus na Digna waliwahi kufika. Alimwambia mwanawe asogee karibu aongee naye, na Beatus akaongea naye mpaka asubuhi, na hiyo asubuhi ndiyo aliyofariki. Amezikwa pembeni ya mume wake.

Mimi nilitaka kumwona huyo Jane. Nikaenda Mngeta wiki iliyopita. Nilimkuta mbele ya nyumba yake, ungo wa mchele mapajani, anapepeta. Landrova ya kijani iko pembeni imenyanyuliwa, magogo yamepishana, na miguu ya Masalu imetokeza. Nikamwambia hodi. Nikaanza kujieleza mimi nani, natoka redio gani, kama mnavyonijua nikianza kujieleza. Jane akanyanyua kiganja kunizuia.

"Subiri kwanza, dada. Namsikiliza mume wangu."

Nikasubiri. Masalu alikuwa anazungumza habari za mvua.

Kwa Beatus na Digna, kwa Kelestini, kwa ukoo wote wa Ifakara na wa Mahenge, na kwa akina mama wa jumuiya yake, tunawapa pole kutoka mioyoni mwetu. Bwana ampe Bi Wilhelmina raha ya milele. Nasi tunaobaki tujiulize, kila mmoja na nafsi yake: kazi ya hatari inayofanyika nyumbani kwangu, nani anaisikiliza? Juu ya paa, ndani ya kisima, chini ya gari. Nani yuko pembeni?

Na leo ni Jumapili, mchana huu mafundi wa nyumbani ndio wameshika spana. Kama wako yuko chini ya gari saa hizi, usiningoje mimi nimalize. Zima redio. Toka nje. Mwite kwa jina lake, na usiondoke mpaka aitike.